Jenerali wa Walevi: Maisha ya William Booth

Mtu ambaye kamati ya jubilei iliniomba nimwandikie kurasa hizi hakupenda kwaya. Nalisema mapema, mwimbaji asije akalisikia kwingine akadhani katibu alimficha. Mwaka 1877 William Booth aliandika kwamba kwaya alizokutana nazo zilikuwa na pepo watatu wagumu kutoka: pepo wa ugomvi, pepo wa mavazi na pepo wa uchumba. Sisi tuliokaa kwenye kamati ya sare tunajua kwamba pepo wa pili si hadithi. Huyo wa tatu nawaachia waliopata wenzi wao humu humu kwayani, nao si wachache.

Hata hivyo tumemchagua, na sababu iko wazi kwa kila aliyewahi kuhudhuria mikutano yetu ya mwaka. Kuna swali ambalo limo katika kumbukumbu zetu tangu daftari la kwanza. Tukialikwa kuimba kwenye arusi au matanga ambako pombe inanywewa nyuma ya nyumba, twende au tukatae? Na mwenzetu aliyeacha chang'aa akaokoka, akaimba besi nasi miaka mitatu, kisha akaonekana tena akitoka kule mtoni usiku, tumfanyeje? Wapo wasemao nuru haiketi na giza. Wapo wasemao Yesu alikula na watoza ushuru. Tumepiga kura, tumeahirisha, tumepiga tena. Booth aliishi na swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka sitini. Katika wakati wake wachache walikuwa wakali kumliko juu ya pombe, na wachache waliwasogelea walevi kama yeye. Kwa kawaida mambo hayo mawili hayakai ndani ya mtu mmoja.

Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1829 katika mji wa Nottingham, Uingereza. Baba yake, Samuel, alikuwa mtu wa biashara za ujenzi aliyepata fedha na kuzipoteza zote. Karo ilipokosekana, William alitolewa shuleni akiwa na miaka 13, akapelekwa kujifunza kazi katika duka la kuweka rehani. Baba alifariki muda mfupi baadaye. Kazi hiyo ya rehani aliichukia maisha yake yote, lakini naamini ndiyo iliyokuwa chuo chake cha theolojia. Mtu aliyesimama nyuma ya kaunta ya namna hiyo huwaona akina mama wakileta blanketi, viatu vya Jumapili na vifaa vya kazi vya waume zao. Huona pia fedha inayotoka hapo inaenda wapi.

Aliokoka mwaka 1844, akiwa na miaka 15, katika kanisa la Wamethodisti. Mara akaanza kuhubiri barabarani katika mtaa wa maskini ulioitwa Meadow Platts. Jumapili moja akawachukua vijana wa mtaa huo, wachafu, nguo zimeraruka, akaingia nao kanisani kwa mlango wa mbele na kuwaketisha kwenye viti vizuri. Wazee wa kanisa hawakumfukuza. Walimweleza tu kwamba wakati mwingine akija na watu kama hao awapitishe mlango mwingine, awaweke kwenye mabenchi ya pembeni ambako washarika hawatawaona. Kama mwalimu nimeona jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Mtoto haambiwi ondoka. Anaonyeshwa tu benchi la nyuma. Booth hakuusahau mlango ule.

Mwaka 1849 alihamia London kutafuta riziki, akajikuta tena kwenye duka la rehani. Huko ndiko alikokutana na Catherine Mumford, na hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu msimamo wa Booth juu ya pombe hauelezeki bila mama huyu.

Catherine alikuwa katibu wa chama cha watoto cha kupinga ulevi tangu akiwa na miaka 12. (Makatibu, tunyoshe vichwa.) Baba yake, John Mumford, alikuwa mhubiri asiye kasisi na mnenaji hodari dhidi ya pombe. Kisha mtu huyo huyo akaanza kunywa, akaiacha imani. Binti yake alimlilia na kumwombea miaka mingi. Kwa hiyo Catherine hakuijua pombe kwa kusoma vijitabu. Aliijua mezani kwao, ikimla mtu aliyekuwa amehubiri dhidi yake.

Wawili hao walifahamiana mwanzoni mwa miaka ya 1850 katika nyumba ya Edward Rabbits, mfanyabiashara wa viatu. Wageni walikuwa wakinywa chai, na William akaombwa aghani shairi moja la kupinga ulevi. Wageni wengine walikuwa Wakristo wema waliokunywa glasi zao za mvinyo bila wasiwasi. Shairi likawachoma, ubishi ukaanza. Catherine alisimama upande wa kijana mgeni, akajibu hoja moja baada ya nyingine. Yafaa tukumbuke kwamba Wakristo wengi wa Uingereza wakati huo hawakuona kosa lolote katika bia au mvinyo kidogo, na hata wachungaji waliwekewa glasi mezani baada ya mahubiri.

William mwenyewe hakuwa imara bado. Walipokuwa wachumba, alikuwa akihubiri mbali na London, na afya yake haikuwa nzuri. Watu waliomtakia mema wakamshauri anywe mvinyo wa porto kama dawa. Catherine aliposikia alimwandikia barua ndefu. Alimweleza kwamba angempa chochote cha kumjenga mwili, lakini hilo hapana; kwamba kisingizio cha tumbo alikwisha kukisikia kwa wengi na alijua kinaishia wapi. Huyu si mwanamke aliyekuwa akitunga kanuni. Alikuwa binti wa John Mumford. Walifunga ndoa Juni 1855, wakapata watoto wanane, na katika nyumba yao pombe haikuingia.

Miaka kumi iliyofuata naipita haraka. Booth aliwekwa wakfu katika tawi moja la Wamethodisti mwaka 1858, akataka aachiliwe awe mwinjilisti wa kuzunguka, wakuu wakakataa, naye akajiuzulu mwaka 1861 akiwa na mke, watoto na hana mshahara. Catherine alikuwa ameanza kuhubiri mwaka 1860, jambo lililowashtua wengi, na kusema kweli kwa muda fulani yeye ndiye aliyekuwa na jina kubwa zaidi.

Mwaka 1865 ndipo William alipofika mashariki mwa London. Sehemu hiyo ilikuwa na msongamano wa watu wa bandarini, vibarua, mafundi wa siku moja moja na wageni. Tangu sheria ya mwaka 1830, karibu mlipa kodi yeyote aliweza kulipia leseni na kuuza bia nyumbani kwake, na vilabu vikajaa kila kona. Maji nayo hayakuaminika: kipindupindu cha mwaka 1866 kiliua zaidi ya watu 5,000 katika upande huo wa mji. Mtu aliyekuwa na chumba kimoja cha baridi, watoto sita na maji ya kutilia shaka alikwenda wapi jioni? Alikwenda kwenye kilabu, penye moto, taa na watu wa kuongea nao. Baadaye Booth aliandika hivyo waziwazi, kwamba kwa maskini wengi kilabu ndicho kilikuwa sebule pekee waliyokuwa nayo. Mtu mkali juu ya pombe kukubali neno kama hilo si jambo dogo. Wapinga pombe wengi waliuona ulevi kuwa ndio chanzo cha umaskini. Booth aliona pia kwamba umaskini ulizaa ulevi, na kwamba ukimtoa mtu kilabuni lazima uwe na mahali pa kumpeleka.

Alisimama nje ya kilabu kilichoitwa Blind Beggar, yaani Ombaomba Kipofu, akahubiri. Wainjilisti waliomsikia wakamwalika aongoze mikutano katika hema lililopigwa kwenye makaburi ya zamani ya Wakwekeri, na Julai 1865 kazi ikaanza. Hema halikudumu. Wakahamia ukumbi wa dansi, ambao waliweza kuupata Jumapili tu, kwa kuwa Jumamosi usiku ulikuwa na wenyewe. Wakakodi ghala, na vijana wakawarushia mawe kupitia dirishani wakati wa maombi. Mwaka 1867 wakapata kilabu kimoja cha bia chenye sifa mbaya, Eastern Star, wakakigeuza kuwa makao ya kazi yao. Kaunta ikatoka, mabenchi yakaingia, na watu wale wale waliokuwa wakiingia kunywa waliingia kusikiliza, wengine wakiwa wamekunywa tayari.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba mwanzoni Booth hakukusudia kuanzisha kanisa. Alitaka kuwaongoa watu kisha awapeleke katika makanisa yaliyokuwapo. Haikuwezekana. Wengine walikataa kwenda, wengine walikwenda wakaona hawatakiwi, na yeye mwenyewe aliwahitaji wale waliookoka ili wawafikie wenzao. Ni mlango ule wa Nottingham tena. Waliomlazimisha kuanza kitu kipya hawakuwa walevi. Walikuwa washarika waliotaka kukaa mbali nao.

Mwanawe mkubwa, Bramwell, alikumbuka siku baba yake alipomshika mkono akiwa na miaka kama 12 au 13, wakaingia kilabuni. Ndani kulikuwa na moshi, kelele, wanaume waliolewa na wanawake wenye watoto kifuani. Mtoto aliogopa. Baba hakumpa hotuba juu ya madhara ya pombe. Alimwambia tu kwamba hawa ndio watu wao, ndio aliotaka mwanawe awaishie. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi, kwa kuwa mzazi mwingi katika kanisa letu, mimi nikiwemo, angevuka barabara ili mtoto asione.

Mwaka 1878 utume huo ulipata jina jipya. Walikuwa wakiandaa taarifa iliyoita kazi hiyo jeshi la watu wa kujitolea. Bramwell akalikataa neno hilo, akidai yeye si askari wa kujitolea bali wa kudumu. Baba akachukua kalamu, akalikata, akaandika Wokovu. Hivyo likazaliwa Jeshi la Wokovu, lenye sare, bendera, vyeo na Jenerali mmoja. Kila askari alitia sahihi ahadi, na mojawapo ya mambo aliyoahidi ni kutoonja kileo chochote. Hapakuwa na nafasi ya kidogo, wala ya sikukuu, wala ya tumbo.

Mwaka huo huo likatokea jambo ambalo sisi waimbaji tunapaswa kulijua. Katika mji wa Salisbury, askari wa Booth walikuwa wakipigwa walipohubiri sokoni. Fundi mjenzi mmoja, Charles Fry, ambaye alikuwa akiongoza muziki katika kanisa lake la Kimethodisti, alijitolea yeye na wanawe watatu kwenda kuwalinda. Walikuja na tarumbeta zao ili wapige nyimbo wakati wa mkutano. Zile kelele za shaba ziliwavuta watu na kuzizima kelele za wahuni. Booth aliposikia habari hizo akawaajiri. Bendi zote za Jeshi la Wokovu ambazo tumezisikia zinatoka kwa baba huyo na vijana wake watatu, waliokuja kama walinzi.

Nyimbo zilileta ubishi mkubwa zaidi. Walevi walioingia katika mikutano hawakuzijua tenzi. Walizijua nyimbo za kumbi za starehe, ambazo kila mtu wa mtaani aliweza kuziimba akiwa macho au akiwa amelala. Basi baadhi ya askari wakaanza kutia maneno ya injili katika tuni hizo. Booth alisitasita. Mwaka 1882, katika ukumbi wa mji wa Worcester, alimsikia kapteni mmoja, baharia wa zamani, akiimba wimbo wa kumshukuru Mungu aliyemweka huru, na ukumbi mzima ukaitikia kwa nguvu. Akauliza tuni hiyo imetoka wapi. Akaambiwa, kwa aibu kidogo, kwamba ni tuni ya Champagne Charlie. Huo ulikuwa wimbo maarufu wa wakati huo wa kumsifu kijana anayekesha akinywa shampeni. Kuanzia siku ile Booth hakubishana tena: tuni haikuwa mali ya shetani, na kama ilijulikana kilabuni, basi itumike kilabuni.

Najua hapa wazee wetu wa kwaya watatikisa vichwa, na mwalimu wetu wa kwaya ameniomba nisilitumie jambo hili kufungua mlango wa kila mdundo wa matatu. Sitalitumia hivyo. Naongeza tu kwamba Booth hakubadili tuni ili vijana wa kanisani wafurahi. Aliibadili kwa ajili ya mtu aliyekuwa nje, ambaye angeondoka kama asingepata cha kuimba.

Gharama ya kusimama milangoni pa vilabu ilikuwa kubwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1880, miji mingi ya kusini mwa Uingereza iliona genge lililojiita Jeshi la Mifupa. Walitembea na bendera zenye mafuvu, wakawafuata askari wa Booth wakiwarushia matope, mayai yaliyooza na mizoga ya wanyama. Baadhi ya wenye vilabu waliwaunga mkono, kwa kuwa mteja aliyeokoka ni mteja aliyepotea. Mwaka 1882 pekee zaidi ya watu 600 wa Jeshi la Wokovu walishambuliwa, wakiwemo wanawake wengi. Mahali pengine waliokamatwa hawakuwa washambuliaji bali waliotembea wakiimba, kwa madai kwamba wanasababisha fujo. Kesi moja kutoka mji wa Weston-super-Mare ilifika mahakama ya juu mwaka huo wa 1882. Majaji wakaamua kwamba mtu anayefanya jambo halali hawezi kuhukumiwa kwa sababu tu wengine wamechagua kumfanyia vurugu. Wanasheria wanaisoma kesi hiyo mpaka leo.

Booth hakulipiza. Wengine wa genge lile waliokoka, wakavaa sare na kutiwa matope na wenzao wa jana.

Mwaka 1883 alichukua hatua ambayo kanisa letu haliwezi kukubaliana nayo. Aliacha kabisa kuendesha Ushirika Mtakatifu katika Jeshi lake. Sababu zilikuwa kadhaa: mabishano juu ya maana yake, swali la wanawake kuiongoza meza, na imani yake kwamba mtu anaweza kutegemea ishara akakosa kitu chenyewe. Lakini moja ilihusu mvinyo. Katika mikutano yake walikuwapo watu ambao harufu tu ya kikombe iliweza kuwarudisha walikotoka. Kwetu sisi Meza ya Bwana ni agizo, na naona Booth alikosea kuiondoa pale ambapo angeweza kubadili kilichomo kikombeni, kama makanisa mengi yalivyofanya. Ila sitaki tuipite sababu yake haraka. Mtu huyu alimpima mlevi aliyeokoka jana dhidi ya desturi ya karne nyingi, akamwangalia yule mlevi kwanza. Ni wangapi kati yetu, tunapopanga vinywaji vya sherehe, huuliza ni nani mezani anayepigana vita hivyo kimyakimya?

Catherine aliugua saratani, akafariki tarehe 4 Oktoba 1890. Miezi ya mwisho ya ugonjwa wake mumewe alikuwa akiandika kitabu, na mwandishi wa magazeti W. T. Stead alimsaidia. Kilitoka mwezi ule ule wa kifo chake. Kichwa chake kinatuhusu sisi Waafrika. Mwaka huo msafiri Stanley alikuwa ametoa kitabu juu ya safari zake katika misitu ya Afrika, akaliita bara letu lenye giza. Booth akaita chake In Darkest England and the Way Out, yaani giza nene la Uingereza na njia ya kutoka. Hoja yake ilikuwa kwamba wanaosikitikia giza la mbali wana giza mlangoni pao. Hakuwa akitutetea sisi, tuseme ukweli. Lugha yake juu ya Afrika ni ile ile ya wakati wake. Lakini aliwanyima Waingereza raha ya kudhani kwamba waliopotea wako ng'ambo ya bahari tu.

Mfano maarufu wa kitabu hicho ni farasi wa London, wale waliokokota magari ya abiria. Farasi akianguka barabarani, alisema Booth, hakuna anayesimama kumuuliza kama ameanguka kwa uzembe au kwa ujinga wake. Anainuliwa kwanza, hata kama ni kwa sababu tu anazuia njia. Na akiwa hai ana mambo matatu: mahali pa kulala, chakula, na kazi. Booth alitaka binadamu wapewe angalau haki za farasi. Alikadiria kwamba mtu mmoja katika kila kumi nchini mwake alikuwa amezama, akaomba pauni 100,000 za kuanzia. Zilipatikana katika muda wa miezi michache.

Wapo waliompinga vikali. Mwanasayansi T. H. Huxley aliandika barua nyingi katika gazeti la Times akionya dhidi ya kumpa mtu mmoja fedha na utii wa namna hiyo. Wengine walisema wavivu watazoea kulishwa. Booth akaendelea: vibanda vya chakula, nyumba za kulala, ofisi za kutafutia watu kazi, shamba kubwa la Hadleigh katika jimbo la Essex, na mwaka 1891 kiwanda cha viberiti. Viwanda vingine vilitumia fosforasi nyeupe iliyooza mataya ya wafanyakazi. Chake kilitumia ile nyekundu isiyo na madhara hayo, na kikalipa ujira bora. Aliyekuja kulala hakuulizwa kwanza kama ameokoka. Injili aliisikia, maana jioni paliimbwa na kuhubiriwa, lakini kitanda hakikuwa zawadi ya kutubu.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Mtu huyo aliyeweza kumfuata mlevi mpaka kwenye mtaro hakuweza kuvumilia mtu wa ndani anayempinga. Mamlaka yote yalikuwa mikononi mwake. Watoto wake watatu waliliacha Jeshi, Ballington mwaka 1896, Herbert na Catherine mdogo mwaka 1902, na uhusiano wao na baba ulipoa sana. Alilichukulia jambo hilo kama askari kutoroka vitani. Inauma kusoma. Upole alioumwagia mgeni aliyelewa, mwanawe aliyesema hapana hakuupata. Wanakwaya waliowahi kutuacha wakaenda kuimba kwingine wataelewa ninachosema, nasi tuliobaki tutaelewa pia.

Uzeeni dunia ilimgeukia. Miji iliyowahi kuwafunga askari wake ilimpokea kwa vigelegele. Mfalme Edward wa Saba alimwalika ikulu mwaka 1904, mji wa London ukampa heshima yake mwaka uliofuata, na Chuo Kikuu cha Oxford kikamtunukia shahada mwaka 1907, yeye aliyeacha shule akiwa na miaka 13. Alizunguka Uingereza kwa gari, ndevu nyeupe zikipeperuka, akihubiri mahali pengi kwa siku. Jicho moja lilipofuka. La pili lilipasuliwa mwaka 1912, likapata maambukizi, akabaki gizani. Alifariki London tarehe 20 Agosti 1912, akiwa na miaka 83.

Mwili wake uliwekwa katika ukumbi wa Clapton, na watu walipita kwa maelfu siku baada ya siku. Walikuwapo wakubwa, lakini walikuwapo pia wengi waliofika kwa miguu na viatu vilivyotoboka, ambao hawakuwa washarika wa kanisa lolote. Alizikwa karibu na Catherine katika makaburi ya Abney Park, na bendi zikapiga njia nzima.

Jeshi lake lilifika Kenya mwaka 1921, miaka tisa baada ya kifo chake. Wengi wetu tunalijua kwa shule ya Joytown kule Thika, au kwa jirani anayevaa sare nyeupe Jumapili. Na wale tuliokulia karibu na soko tumewaona alasiri, wakitoka ibadani badala ya kwenda nyumbani, ngoma mbele na tarumbeta nyuma, wakipita mbele ya baa zote mpaka kwenye ile kubwa ya kona. Hapo husimama wakafanya duara, na upande mmoja wa duara huachwa wazi, kuelekea mlango wa baa.